Dawa Inapokataa: Tuwalinde Wazee Wetu Dhidi ya Vijidudu Sugu

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya ya familia unazungumzia jambo ambalo liko katika nyumba nyingi hapa kambini, ila hatulijui kwa jina. Ni pale mzee anapougua, anapewa dawa ileile iliyomsaidia zamani, na safari hii dawa inakataa.

Tuanze na familia moja ya bloku ya jirani. Wametukubalia kuandika habari zao, lakini wameomba tusitaje majina.

Ilivyompata bibi

Bibi huyu amepita miaka sabini. Miaka mitatu iliyopita alipooza upande wa kulia, na tangu siku hiyo anahudumiwa na mke wa mwanawe pamoja na wajukuu wawili. Wanamlisha, wanamuogesha, wanambadilishia vitambaa vya mkojo. Ni kazi ya usiku na mchana, na hakuna anayelipwa.

Kila mkojo wa bibi ulipokuwa na harufu kali, mjukuu alitumwa sokoni kununua kapsuli, zile za rangi mbili. Pesa ikiwepo aliletewa nane, isipokuwepo aliletewa nne. Bibi alimeza siku mbili, harufu ikipungua basi wanaacha. Zinazobaki zilifungwa kwenye kipande cha nailoni na kuwekwa juu ya kabati, zikisubiri siku nyingine. Kwa hesabu ya mama huyo, ndani ya mwaka mmoja walifanya hivyo kama mara saba.

Kisha usiku mmoja bibi aliacha kuwatambua watu. Alimwita mke wa mwanawe kwa jina la dada yake aliyefariki zamani kule nyumbani. Alikataa uji. Mwili haukuwa na joto, kwa hiyo hawakufikiria ugonjwa. Jirani mmoja akasema ni uzee, mwingine akasema ni mambo ya majini. Walimpa kapsuli, halafu wakaongeza nyingine. Siku ya tatu walimbeba mpaka kituo cha afya, na kutoka pale akapewa rufaa kwenda hospitali kubwa.

Huko hospitali walichukua mkojo wake wakauotesha, yaani waliweka vijidudu vyake mahali vinapoweza kukua, wakavijaribu kwa dawa mbalimbali. Dawa tatu zilikataa. Iliyobaki ilikuwa ya sindano, na bibi alichomwa siku kumi.

Alirudi. Tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini zamani aliweza kukaa mwenyewe akiegemea ukuta, na sasa hawezi. Na mjukuu mkubwa, aliyekuwa akimlinda hospitalini, alikosa shule wiki tatu.

“Mimi nilifikiri namsaidia,” mama huyo alituambia. “Pesa ya zile kapsuli nilikuwa naitoa kwenye mafuta ya kupikia.”

Ndugu msomaji, hatuandiki haya ili kumlaumu. Wengi wetu tumefanya kama yeye. Tunaandika ili mwingine asipite njia hiyo.

Kijidudu sugu ni nini?

Dawa za antibiotiki, kama amoksilini, Septrin, doksisaiklini na siprofloksasini, huua bakteria, ambao ni wadudu wadogo tusiowaona kwa macho. Haziui virusi vya mafua. Haziponyi maumivu ya mgongo. Na kapsuli za sokoni hazichukui nafasi ya dawa ya malaria.

Watu husema, “Mwili wake umeizoea dawa.” Si mwili. Ni vijidudu vyenyewe ndivyo vimejifunza kuishinda dawa. Fikiria shamba la maharage. Ukipita na jembe ukang'oa magugu laini tu, ukaacha yale yenye mizizi mirefu, baada ya muda shamba lote litakuwa la hayo yaliyobaki. Vijidudu ni hivyohivyo. Kila tunapotumia antibiotiki, vilivyo dhaifu vinakufa, na vyenye nguvu vinabaki na kuzaana. Na vinazaana haraka mno: baadhi, vikipata mahali pazuri, hugawanyika na kuwa viwili kila baada ya dakika 20 hivi. Tena vinaweza kupeana ule ujuzi wa kushinda dawa, kama majirani wanavyopeana moto wa kuwashia jiko.

Jambo hili si geni. Alexander Fleming, daktari aliyegundua penisilini huko London mwaka 1928, alionya mwaka 1945 alipopewa Tuzo ya Nobeli kwamba mtu anayejitibu kwa kipimo kidogo anaweza kuvifundisha vijidudu kuishinda dawa. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2022 ilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu dawa zilishindwa na vijidudu sugu, na Afrika iliyo kusini ya Sahara ndiyo iliyoumia kuliko sehemu nyingine.

Mwaka 2024 ikatoka hesabu nyingine. Kati ya mwaka 1990 na 2021, vifo vya namna hii vilipungua kwa zaidi ya nusu kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Lakini kwa watu wa miaka 70 na zaidi viliongezeka kwa zaidi ya asilimia 80.

Kwa nini wazee?

Kwanza, kinga ya mwili hupungua na umri. Pili, kibofu cha mzee mara nyingi hakimwagi mkojo wote, na mkojo uliotuama unazalisha vijidudu. Kwa wanaume wazee tezi dume hukua na kuziba njia. Tatu, mzee asiyeweza kutembea anapata vidonda vya kulala, na chakula au mate yanaweza kuingia kwenye mapafu yakaleta nimonia. Nne, yeye ndiye aliyekwisha kumeza dawa nyingi katika maisha yake. Na tano, hawezi kujihudumia, kwa hiyo anaguswa na mikono ya watu wengi kila siku.

Wale wenye watoto au ndugu waliopelekwa Marekani wanajua kwamba wengi wao wanafanya kazi katika nyumba za kulea wazee. Wazee zaidi ya milioni moja wanaishi katika nyumba hizo. Kule kuna maji ya moto, glovu na madaktari, na bado vijidudu sugu ni tatizo kubwa. Tangu Aprili 2024 nyumba hizo zinatakiwa kufuata utaratibu huu: mzee mwenye kidonda sugu, au mwenye mpira wa mkojo, au anayejulikana kuwa na vijidudu sugu, anayemuogesha au kumbadilishia nguo lazima avae glovu na gauni la kinga, na avivue kabla ya kumgusa mzee mwingine.

Hapa kwetu hakuna nyumba za namna hiyo. Nyumba ya kulea wazee ni hii yetu ya udongo na turubai, na mfanyakazi ni binti, mkwe au mjukuu. Hatuna gauni. Lakini sababu ya lile gauni inatuhusu sana, maana mikono inayombadilisha bibi ndiyo hiyohiyo inayosonga ugali na kumnyonyesha mtoto mchanga.

Harufu ya mkojo si ugonjwa

Hili tunaomba lisomwe mara mbili. Mkojo wa mzee ukiwa na harufu kali, au ukiwa wa rangi ya chai, mara nyingi maana yake ni kwamba hanywi maji ya kutosha. Haimaanishi moja kwa moja kwamba anahitaji antibiotiki.

Uchunguzi katika nyumba za wazee umeonyesha kwamba robo mpaka nusu ya wanawake wazee wanaoishi humo wana bakteria kwenye mkojo na hawaumwi kitu. Wanaishi nao tu. Kuwatibu hakuwasaidii, kunawaua bakteria dhaifu na kuwaachia wale sugu. Kwa mwenye mpira wa mkojo ni zaidi: mpira ukikaa mwezi mmoja, karibu kila mtu atakuwa na bakteria. Ndiyo maana daktari mzuri haandiki dawa kwa sababu ya harufu peke yake. Asipokuandikia, usione kwamba amekudharau.

Basi harufu ikija, anza na kikombe cha maji. Na hapa kuna siri ambayo wazee hawaisemi: wengi wanajinyima maji makusudi. Choo kiko mbali, usiku kuna giza, magoti yanauma, na wanaona aibu kumwamsha mjukuu. Tumsaidie kwa kumwekea chombo chenye mfuniko karibu na kitanda, kimwagwe na kuoshwa kila asubuhi. Mpe maji, uji mwepesi au chai kidogo kidogo mchana kutwa, na upunguze jioni. Ila kama daktari amemwambia apunguze maji kwa sababu ya moyo au figo, mfuate daktari.

Mwanamke mzee aoshwe kutoka mbele kwenda nyuma, si nyuma kuja mbele. Vitambaa vyake vibadilishwe vikilowa, vifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani mpaka vikauke kabisa. Kama ana mpira, mfuko ukae chini kuliko kibofu lakini usiguse sakafu, mrija usikunjike, na usiufungue ovyo. Na kila mkienda kliniki ulizeni: “Bado anauhitaji huu mpira?” Mpira ambao hauhitajiki ni mlango ulioachwa wazi.

Vidonda vya kulala

Mzee akilala upande mmoja muda mrefu, damu haifiki kwenye ngozi iliyobanwa, na ngozi inakufa. Huanza kama wekundu au weusi kwenye makalio, nyonga, visigino na mgongo. Tumgeuze kila baada ya saa mbili hivi wakati wa mchana, na usiku kadiri familia inavyoweza. Wajukuu wanaweza kupeana zamu. Tuweke nguo iliyokunjwa chini ya miguu ili visigino vielee. Kila siku, tukimuogesha, tumkague mwili mzima.

Kidonda kikishatokea, kioshwe kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, kifunikwe kwa kitambaa safi, na mhudumu wa afya akione mapema. Na jamani, ile tabia ya kufungua kapsuli na kumwaga unga kwenye kidonda tuiache. Unga ule hauingii ndani panapotakiwa. Unakaa juu tu, unawasha ngozi na kuwafundisha vijidudu kuizoea dawa.

Mikono, sabuni na maji

Kiwango cha UNHCR ni gramu 250 za sabuni kwa mtu kwa mwezi, na lita 20 za maji kwa mtu kwa siku. Sote tunajua kwamba kuna siku hatufiki hapo. Na nyumba yenye mzee asiyetoka kitandani inahitaji zaidi, kwa sababu ya kufua na kuogesha. Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Familia yenye mzee wa namna hii imweleze kiongozi wa bloku na ofisi inayoshughulikia watu wenye mahitaji maalum, ili ijulikane. Na sisi majirani, jerikani moja ya maji tukimpelekea mama anayehudumia mgonjwa, tumemsaidia kuliko kumpa pesa ya kapsuli.

Osha mikono kwa sabuni kabla ya kumhudumia mzee na baada ya kumhudumia, kabla ya kupika, na kabla ya kumshika mtoto. Kama sabuni imeisha, majivu safi na maji yanasaidia. Tenga beseni moja la vitambaa vya mgonjwa, lisitumike kuoshea vyombo. Mwenye kidonda mkononi amwachie mwingine kazi ya kuosha vidonda, au angalau akifunike vizuri.

Kuhusu dawa zenyewe

Hatusemi antibiotiki ni mbaya. Mzee mwenye nimonia au mwenye vijidudu vilivyoingia kwenye damu anazihitaji, tena haraka. Ndiyo maana lazima tuzitunze. Tangu mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani limezigawa katika makundi matatu: zile za kuanzia, zile za kutumia kwa uangalifu, na zile za akiba zinazowekwa kwa hali ngumu kabisa. Tukiziharibu za kuanzia, tunalazimika kwenda kwenye za bei kubwa, na katika kambi nyingi hizo hazipatikani karibu.

Tunajua pia kwamba mwaka 2025 misaada kwa wakimbizi ilipunguzwa sana, foleni zikawa ndefu, na sokoni hakuna foleni. Kishawishi ni kikubwa. Lakini muuza kapsuli hajui figo za bibi zikoje. Figo za mzee hutoa dawa polepole, na kipimo cha kijana kinaweza kuwa sumu kwake. Siprofloksasini inaweza kuumiza mishipa ya kisigino, hasa kwa aliyepita miaka 60, na inaweza kumchanganya akili. Sindano ya jentamaisini isiyopimwa vizuri huharibu figo na masikio. Na antibiotiki nyingi huweza kuleta kuhara kubaya, maana zinaua hata bakteria wazuri wa tumboni.

Kwa hiyo, mzee wako akiandikiwa dawa, muulize daktari au nesi kwa heshima maswali haya:

1. Anaumwa nini hasa, na dawa hii ni ya nini?
2. Ameze ngapi, saa ngapi, na kwa siku ngapi?
3. Inaendana na dawa zake nyingine za presha, sukari au kifua?
4. Je, mkojo au kidonda kinaweza kupimwa kabla hajaanza dawa?
5. Asipopata nafuu baada ya siku mbili au tatu, tufanye nini?

Mpelekee pia maganda ya dawa zote alizomeza miezi ya karibuni, hata zile za sokoni. Usizifiche kwa aibu. Zinamsaidia daktari kuchagua dawa ambayo haijazoeleka.

Akishaandikiwa, ameze kwa siku alizoambiwa. Asiache katikati bila kuuliza kwa sababu amepata nafuu, wala asiongeze siku zake mwenyewe. Asigawane na mtu. Na kama zimebaki kwa sababu yoyote, zirudishwe kliniki. Zile za juu ya kabati si akiba.

Usisubiri siku ya tatu

Mzee anaweza kuwa mgonjwa sana bila kuwa na joto. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, au mwite mhudumu wa afya wa jamii, ukiona mojawapo ya haya: amechanganyikiwa ghafla au analala tu haamki vizuri; amekataa kula na kunywa; anapumua haraka au kwa shida; anatetemeka, au mwili umekuwa wa baridi na jasho; hajakojoa tangu asubuhi; anaanguka wakati hakuwa anaanguka; kidonda kinanuka, kinatoa usaha au wekundu unasambaa; anaumwa akikojoa, au tumbo la chini au ubavu unauma.

Kuchanganyikiwa kunaweza kuletwa pia na malaria, kukosa maji, sukari kushuka au dawa nyingine. Ndiyo maana anatakiwa kupimwa, si kukisiwa.

Neno la mwisho

Tulipomtembelea tena bibi, mke wa mwanawe alituonyesha mpango wake mpya. Kwenye mlango amechora mistari kwa mkaa: kila kikombe cha maji anachokunywa bibi, mjukuu anachora mstari mmoja. Juu ya kabati hakuna tena kifurushi cha nailoni. Kuna kipande cha sabuni, na watoto wamekatazwa kukichezea.

Wazee hawa ndio waliotubeba mgongoni tulipokimbia, au waliowabeba wazazi wetu. Sasa ni zamu yetu. Kama mhenga alivyosema, kinga ni bora kuliko tiba, na kwa ugonjwa ambao tiba yake inaanza kukataa, kinga ndiyo karibu kila kitu tulicho nacho.

Isomeni makala hii kwa sauti kwa wale wasiojua kusoma, na muwapelekee majirani wenye wazee. Mwezi ujao tukutane tena kwenye ukurasa huuhuu, Mungu akipenda.